Kidhibiti cha shinikizo la petroli kwa injini ya kabureta yenye tabo

Kidhibiti cha shinikizo la petroli ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya pampu ya petroli na kabureta ili petroli ifike kwenye kabureta kwa shinikizo linalofaa, bila kuzidi wala kupungua. Mafundi wengi hukiita regyuleta, jina lilelile la kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi ya kupikia. Vifaa hivyo viwili kweli ni ndugu: kila kimoja kina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na springi upande mmoja, na gesi au kimiminika upande wa pili.

Katika injini ya kawaida ya kabureta, kifaa hiki kina kazi nyepesi, na magari mengi ya zamani hayakuwa nacho kabisa, kwa kuwa pampu yenyewe ilitengenezwa ili isizidishe shinikizo. Hali hubadilika injini inapofungwa tabo, yaani kompresa ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Hapo shinikizo la petroli haliwezi kuwa namba moja isiyobadilika. Linapaswa kupanda kadiri tabo inavyosukuma hewa, na kushuka mara dereva anapoachia pedali ya mafuta. Kidhibiti kisichofaa kinaweza kuiacha injini bila petroli ya kutosha katika sekunde ambazo mzigo wake ni mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na matokeo yake mara nyingi ni pistoni iliyoyeyuka.

Makala hii inahusu injini za petroli zenye kabureta. Injini za dizeli zenye tabo, ambazo ndizo nyingi kwenye malori na mabasi, hupokea mafuta kwa pampu ya sindikizo na nozeli, nazo hazihusiki na kifaa hiki.

Kabureta na bakuli lake

Kabureta haipokei petroli moja kwa moja kwenye mkondo wa hewa. Petroli huingia kwanza kwenye bakuli dogo lililo pembeni au chini ya kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya linaloelea. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma vali ya sindano izibe tundu la kuingilia. Ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Ni utaratibu uleule wa tangi la maji la choo cha kuvuta.

Kutoka kwenye bakuli, petroli hupita kwenye jeti, yaani tundu lililopimwa kwa usahihi, na kufyonzwa na hewa inayopita kwa kasi kwenye koo la kabureta. Kiasi kinachofyonzwa hutegemea tofauti ya shinikizo kati ya hewa iliyo juu ya petroli ndani ya bakuli na hewa iliyo kooni. Kwa hiyo kila bakuli lina tundu la kupumulia, na mahali tundu hilo linapopumulia ni jambo la msingi katika mada hii yote.

Vali ya sindano ni kifaa dhaifu. Chukua tundu lenye kipenyo cha milimita 2. Petroli yenye shinikizo la bar 0.25 huisukuma sindano kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 8 hivi, na boya linaimudu bila shida. Tundu hilohilo likipewa petroli ya bar 3, kama ile ya injini za EFI, nguvu hiyo hufikia karibu gramu 96. Boya haliwezi kuizuia. Petroli hufurika na kumwagika kooni, au nje juu ya injini yenye moto. Ndiyo sababu kabureta hutaka shinikizo dogo. Kabureta za SU za Uingereza hufanya kazi vizuri kwenye bar 0.1 hadi 0.25, za Weber zenye koo mbili za kulala kwenye 0.2 hadi 0.25, na zile kubwa za Holley za Marekani kwenye 0.35 hadi 0.5. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, kipimo ambacho bado kimeandikwa kwenye geji nyingi.

Tabo ya kuvuta na tabo ya kusukuma

Kuna njia mbili za kuunganisha kabureta na tabo, na uchaguzi wa kidhibiti huanzia hapa.

Katika mfumo wa kuvuta, kabureta hukaa kabla ya kompresa. Tabo hufyonza hewa iliyokwisha kuchanganywa na petroli, huibana na kuipeleka kwenye silinda. Kabureta yenyewe haihisi shinikizo la tabo hata kidogo. Imezungukwa na hewa ya kawaida kama katika gari lolote. Magari mawili ya kwanza yenye tabo kuuzwa kwa umma, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, yote ya Marekani na ya mwaka 1962, yalitumia mfumo huu. Buick nayo iliutumia kwenye injini yake ya V6 ya lita 3.8 kuanzia mwaka 1978. Kwa injini kama hizo kidhibiti cha kawaida chenye shinikizo moja kinatosha, na fundi anayeuziwa kidhibiti cha bei kubwa chenye tundu la ishara ya tabo anapoteza fedha.

Lakini mfumo wa kuvuta una kasoro zake. Mchanganyiko wa petroli hupita ndani ya kompresa, hivyo mhimili wa tabo unahitaji sili maalumu ili oili isifyonzwe. Ni vigumu kuweka kipoza hewa katikati, kwa sababu petroli ingeganda matone kwenye kuta zake na kipoza kizima kingejaa mvuke unaoweza kulipuka. Jetfire haikuwa na kipoza hewa. Badala yake ilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye chupa ya pembeni ili kuzuia injini kugonga. Wenye magari wengi walisahau kuijaza chupa hiyo, na gari halikudumu sokoni baada ya 1963.

Katika mfumo wa kusukuma, mpangilio ni kinyume: tabo husukuma hewa safi, hewa hiyo hupita kwenye kipoza kama kipo, kisha huingia kwenye kabureta. Kabureta yote sasa imo ndani ya shinikizo la tabo. Mfumo huu ulienea miaka ya 1980 huko Ulaya: Lotus Esprit Turbo (1980) yenye kabureta mbili za Dell'Orto, Maserati Biturbo (1981) yenye tabo mbili na kabureta moja ya Weber iliyofungiwa ndani ya kasha, MG Metro Turbo (1982) yenye SU moja, na Renault 5 GT Turbo (1985) yenye Solex na kipoza hewa. Pikipiki ya Yamaha XJ650 Turbo ya 1982 ilifuata njia hiyohiyo kwa kabureta nne za Mikuni. Maserati ilihamia kwenye mfumo wa sindikizo mwaka 1986, na watengenezaji wengine walifanya vivyo hivyo muda si mrefu, kwa kuwa sheria za moshi zilikuwa zinabana na kompyuta za injini zilikuwa zimeshuka bei. Leo kabureta yenye tabo ni kazi ya wanaokarabati magari ya kale na wa mashindano ya kuvutana kasi.

Maelezo yanayofuata yanahusu mfumo wa kusukuma.

Kwa nini shinikizo la petroli lifuate tabo

Tundu la kupumulia la bakuli katika mfumo wa kusukuma halifunguki nje. Likifunguka nje, hewa yenye shinikizo kooni ingeirudisha petroli kwenye bakuli kupitia jeti badala ya kuifyonza. Kwa hiyo bakuli hupumulia ndani ya kofia au kasha linalofunika kabureta, na hewa iliyo juu ya petroli huwa na shinikizo lilelile la tabo.

Hapo ndipo tatizo la pampu linapozaliwa. Tuseme kidhibiti kimewekwa kwenye bar 0.25 na tabo inasukuma bar 0.7. Petroli inafika mlangoni kwa 0.25, huku ndani ya bakuli kuna 0.7 inayoisukuma irudi. Haiingii hata tone. Injini huendelea kwa muda mfupi kwa petroli iliyobaki ndani ya bakuli, kisha mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kupita kiasi.

Muda huo ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Injini ya nguvufarasi 120, yaani karibu kilowati 90, ikiwa kwenye mzigo kamili hutumia takriban gramu 350 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Hiyo ni kama lita 43 kwa saa, au mililita 12 kila sekunde. Bakuli lenye mililita 50 lingekauka kwa sekunde 4, na mchanganyiko huanza kuharibika mapema zaidi, mara tu usawa wa petroli unaposhuka chini ya ule ambao jeti zilipimiwa. Gari linalopanda mlima au kupita lori hukaa kwenye tabo kwa muda mrefu kuliko huo.

Mchanganyiko wenye petroli kidogo ndani ya silinda iliyojazwa hewa ya moto huwaka vibaya. Sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla mwali wa plagi haujaifikia, na sauti yake husikika kama kokoto zinazogongana. Mlipuko huo hupasua utando wa hewa uliotulia juu ya pistoni na kuuacha moto uiguse alumini moja kwa moja. Gasketi ya silinda hedi huungua, pete za pistoni huvunjika, au pistoni hutoboka katikati.

Dawa yake ni kanuni moja: shinikizo la petroli liwe daima shinikizo la bakuli kuongeza kiasi kisichobadilika. Katika mfano huu, kwa tabo ya bar 0.7 petroli iwe 0.95; kwa tabo ya 0.3 iwe 0.55, na tabo ikiwa sifuri irudi 0.25. Vali ya sindano haitambui mabadiliko yoyote, kwa sababu tofauti kati ya pande zake mbili haijabadilika.

Aina za vidhibiti

Kwa kutazama njia ya petroli, vidhibiti ni vya aina mbili.

Aina ya kwanza haina mrejesho. Petroli inaingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa kabureta tu. Springi hufungua vali ndogo ndani. Petroli iliyokwisha kupita husukuma kiwambo kirudi na kuifunga. Ni rahisi kufunga kwa kuwa hakuna bomba la pili la kurudi kwenye tangi. Kwa injini isiyo na tabo hufanya kazi vizuri. Baadhi hutengenezwa na tundu la ishara ya tabo, lakini zina udhaifu unaojitokeza dereva anapoachia pedali ghafla. Shinikizo ndani ya bakuli hushuka papo hapo, ila petroli iliyonaswa kati ya kidhibiti na sindano bado ina shinikizo la bar 0.95 na haina pa kutokea isipokuwa kupitia sindano yenyewe. Matokeo yake ni injini inayofurika petroli kila gia inapobadilishwa.

Aina ya pili ina mrejesho. Pampu husukuma petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na kidhibiti hufungua njia ya kurudi kwenye tangi ili kutoa ziada. Springi na hewa ya ishara hukandamiza kiwambo kwenye tundu la kurudi. Petroli husukuma kwa upande wa pili. Kwa kuwa hewa na petroli hugusa kiwambo chenye eneo lilelile, tofauti ya shinikizo kati yao huamuliwa na springi peke yake. Kila bar moja ya tabo huongeza bar moja ya petroli. Dereva akiachia pedali, tundu hufunguka na ziada hukimbilia kwenye tangi. Faida nyingine ni kwamba petroli inazunguka muda wote, hivyo haikai kwenye mabomba ya moto hadi ichemke. Injini za tabo zina joto kali chini ya boneti. Renault ilifikia kuweka feni ndogo ya kupuliza kabureta ya 5 GT Turbo ili petroli isichemke baada ya injini kuzimwa.

Kwa mfumo wa kusukuma, aina yenye mrejesho ndiyo chaguo sahihi karibu kila mara. Gharama ya kuvuta bomba la pili hadi kwenye tangi ni ndogo ukilinganisha na injini.

Ipo pia aina ya tatu inayochanganya watu. Ni vidhibiti vinavyozidisha: kila bar moja ya tabo huongeza bar kadhaa za petroli, kwa sababu kiwambo cha upande wa hewa kimefanywa kipana kuliko cha upande wa petroli. Vilibuniwa kwa injini za sindikizo zilizofungwa tabo baada ya kutoka kiwandani, ambako nozeli zilezile zililazimishwa kutoa petroli zaidi. Kwenye kabureta havina nafasi. Kabureta huongeza petroli kwa kufuata hewa inayopita kooni, si kwa shinikizo la mlangoni. Kinachoongezeka ni mafuriko tu.

Kidhibiti kilichotolewa kwenye gari la EFI nacho hakifai, hata kama kina mrejesho na tundu la ishara. Springi yake imepangwa kwa bar 2.5 hadi 3 na haiwezi kulegezwa hadi 0.25. Jambo hili linafaa kusisitizwa Afrika Mashariki, ambako magari yaliyotumika kutoka Japani yamejaza maduka ya vipuri na kidhibiti cha EFI hupatikana kwa bei ndogo, ilhali cha kabureta huagizwa kutoka mbali.

Mpira wa ishara

Kidhibiti kizuri kinaweza kuharibiwa na mpira mmoja uliounganishwa mahali pasipo pake. Katika gari la EFI, ishara huchukuliwa kwenye manifoldi, baada ya kipepeo, yaani bapa linalofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Huko ndiko nozeli zinakomimina petroli, kwa hiyo ni sahihi. Fundi aliyezoea EFI hufanya vivyo hivyo kwenye kabureta, na gari linakataa kusimama na kunguruma bila kuzima.

Sababu ni ombwe. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, kipepeo kimefungwa na shinikizo ndani ya manifoldi huwa karibu bar 0.6 chini ya hewa ya nje. Ishara hiyo ikifika kwenye kidhibiti, shinikizo la petroli huwa 0.25 kutoa 0.6: chini ya sifuri. Kidhibiti hufungua njia ya kurudi yote na kabureta haipati kitu. Wengine hujaribu kuponya hali hiyo kwa kukaza skrubu ya springi hadi 0.85 ili injini isizime. Sasa inanguruma vizuri, ila kipepeo kinapofunguka kabisa sindano inasukumwa na bar 0.85 badala ya 0.25, na kabureta inafurika.

Bakuli la kabureta halipumulii kwenye manifoldi. Linapumulia juu ya kabureta, kabla ya kipepeo. Ishara ichukuliwe hapohapo: kwenye kofia au kasha la kabureta, karibu na tundu la kupumulia la bakuli. Mahali hapo hapana ombwe kubwa wakati wowote. Kuichukua kwenye mdomo wa kompresa, kabla ya kipoza hewa, ni kosa dogo zaidi, maana kipoza hupunguza shinikizo kidogo na kidhibiti kitasoma namba ya juu kuliko ilivyo kwenye bakuli.

Mpira wenyewe uwe mfupi, mgumu wa kutosha usijikunje, na usigawane njia na geji ya tabo au na kifungulio cha vali ya ekzosi inayopunguza nguvu ya tabo. Ukivuja au kuchomoka, petroli hurudi kwenye shinikizo la msingi bila dalili yoyote hadi tabo inapoanza kusukuma. Ni busara kufunga kila mwisho kwa kibano.

Pampu, mabomba na malighafi

Kidhibiti hupunguza, hakiongezi. Shinikizo lolote kinachotakiwa kutoa lazima lizalishwe kwanza na pampu. Pampu ndogo za umeme zilizotengenezwa kwa kabureta za kawaida huishia kwenye bar 0.3 hadi 0.5. Kwa tabo ya bar 0.7 hazina maana, hata kama kwenye boksi zimeandikwa lita 120 kwa saa, kwa kuwa namba hiyo hupimwa pampu ikimwaga bila kizuizi. Kinachohitajika kujulikana ni lita ngapi pampu inatoa kwenye shinikizo la msingi kuongeza tabo ya juu kabisa, pamoja na akiba.

Akiba hiyo si anasa. Gari linapoondoka kwa nguvu, petroli iliyo kwenye bomba refu husukumwa nyuma. Kwa bomba la mita 3 na mwongezeko wa kasi wa nusu ya mvutano wa dunia, upotevu ni karibu bar 0.11, takriban nusu ya shinikizo la msingi. Kidhibiti kilichofungwa karibu na kabureta hufidia upotevu huo chenyewe, kwa kufunga mrejesho zaidi, mradi pampu ina nguvu ya ziada. Kikifungwa nyuma karibu na tangi, hakiwezi kuuona.

Mafundi wengi hutumia pampu ya EFI pamoja na kidhibiti cha kabureta chenye mrejesho. Mchanganyiko huu hufaa, lakini bomba la kurudi lazima liwe pana. Pampu ya EFI hutoa zaidi ya lita 100 kwa saa, na injini ikiwa inanguruma tu karibu zote hurudi kwenye tangi. Bomba likiwa jembamba, petroli hukwama humo na kujenga shinikizo lake lenyewe. Skrubu ya kidhibiti italegezwa hadi mwisho na geji bado itasoma 0.5. Bomba la kurudi lisiwe jembamba kuliko la kuleta, na lisirudi kwenye mdomo wa pampu bali kwenye tangi, ambako petroli hupoa.

Kiwambo ni sehemu inayochakaa. Mpira wa nitrili wa kawaida huvumilia petroli safi, lakini petroli yenye ethanoli nyingi inahitaji mpira wa florini, na mtengenezaji mwangalifu huandika ni upi ametumia. Kiwambo kikitoboka, petroli hupita kwenye mpira wa ishara hadi kwenye kofia ya kabureta na injini hutoa moshi mweusi. Tabo ikisukuma, hewa nayo huingia kwenye petroli. Harufu ya petroli ndani ya mpira wa ishara inatosha kukitupa kidhibiti.

Boya pia hukaguliwa. Maboya ya shaba yenye uwazi ndani yanaweza kubonyea yakikandamizwa na hewa ya tabo. Ya povu gumu hayana uwazi wa kubonyezwa. Boya lililobonyea huzama, na mafuriko yake hufanana kabisa na ya kidhibiti kibovu.

Kuweka na kupima

Geji ya kupimia iwe na kikomo kidogo, bar 1 au 1.5. Kwenye geji ya bar 7, alama ya 0.25 hupotea ndani ya upana wa mshale. Geji zilizojazwa kimiminika na kuzibwa hudanganya zikipata joto, kwa kuwa kimiminika hutanuka. Kwa shinikizo dogo kiasi hiki kosa hilo ni kubwa.

Shinikizo la msingi huwekwa pampu ikifanya kazi na mpira wa ishara ukiwa umechomolewa. Kisha hufuata jaribio ambalo wengi huliruka: pampu ya mkono yenye geji huunganishwa kwenye tundu la ishara na kusukuma hewa polepole. Kwa bar 0.5 ya hewa, petroli inapaswa kupanda kutoka 0.25 hadi 0.75. Ikipanda kidogo tu, pampu ya petroli imefika mwisho wake au kiwambo kinavuja. Ikipanda zaidi, kidhibiti ni cha aina ya kuzidisha. Hewa ikiachiwa, mshale urudi 0.25 mara moja. Jaribio hili hufanywa gari likiwa limesimama, na linaonyesha karibu kila kosa ambalo vinginevyo lingegunduliwa barabarani injini ikiwa kwenye mzigo.

Barabarani, geji ya petroli na ya tabo husomwa pamoja na mtu wa pili, si dereva. Tofauti kati ya namba mbili ibaki ileile hadi mwisho wa gia ya juu. Ikianza kupungua, dereva aachie pedali.

Moto

Nyumba ya tabo upande wa ekzosi inaweza kuwaka nyekundu baada ya mwendo mrefu wa mlima. Petroli yenye shinikizo la bar 1 ikiruka kutoka kwenye mpira uliopasuka huifikia kwa urahisi. Kidhibiti na mabomba yake hufungwa upande mwingine wa injini inapowezekana, na mipira ya petroli iwe ile iliyotengenezwa kwa shinikizo, si ya kabureta ya kawaida. Filta huwekwa kabla ya kidhibiti, kwa sababu chembe moja ya kutu ikikwama kwenye sindano huifanya ibaki wazi.

Pampu ya umeme haizimi yenyewe injini inapozima. Gari likipinduka au injini ikikatika, itaendelea kumwaga petroli hadi swichi ifungwe. Kwa hiyo pampu huunganishwa na swichi ya shinikizo la oili, au swichi ya mshtuko inayokata umeme gari linapogonga, na waya wake huwa na fyuzi yake peke yake.